Aina Mbili au Pande Mbili? Uhakiki wa Fasili ya Ncha za Sumaku katika Kiswahili cha Sayansi

Makala haya yanahakiki neno moja dogo katika Kiswahili cha sayansi, nalo ni "aina" kama litumikavyo katika kanuni ya sumaku. Mwanafunzi hufundishwa kwamba sumaku ina ncha mbili, ya kaskazini na ya kusini, na kwamba ncha za aina moja husukumana ilhali za aina tofauti huvutana. Kanuni hii hutabiri sawasawa yatakayotokea mezani. Hata hivyo, neno "aina" humwelekeza msomaji kwenye dhana isiyo ya kweli: kwamba ukaskazini na ukusini ni vitu viwili vilivyohifadhiwa katika miisho miwili ya chuma, mithili ya chumvi na sukari katika vyombo viwili.

Dhana hiyo ina upinzani wa muda mrefu. Mwaka 1269 Petrus Peregrinus alieleza kuwa jiwe la sumaku likivunjwa vipande viwili, kila kipande huwa na ncha zote mbili. Katika miaka ya 1820 André-Marie Ampère alitoa maelezo kwamba usumaku hutokana na mikondo ya umeme inayozunguka ndani ya mata. Mkondo unaoonekana ukizunguka kinyume cha saa hutambulisha upande wa kaskazini. Mkondo huohuo, ukitazamwa kutoka upande wa pili, huzunguka kisaa na kutambulisha upande wa kusini. Mzunguko ni mmoja, pande zake ni mbili. Mwaka 1931 Paul Dirac alionyesha kuwa nadharia ya kwanta haizuii kuwapo kwa ncha pweke. Lakini hadi leo hakuna ncha ya namna hiyo iliyothibitishwa kuonekana.

Mkazi wa Butare, Wilaya ya Rusizi (zamani Cyangugu), ana mfano ulio karibu zaidi. Mto Rusizi hutoka Ziwa Kivu na kuingia Ziwa Tanganyika. Kila sehemu ya mto huo, iwe ya kilometa moja au ya hatua moja, ina upande wa juu na upande wa chini, wala hakuna anayeweza kuchota "ujuu" peke yake. Tofauti kati ya pande hizo ni ya kweli. Maji hayakosei njia. Ila si tofauti ya vitu, ni tofauti ya mwelekeo. Mfano huu una mpaka wake: mto una chanzo na mwisho, ilhali mistari ya uga wa sumaku hujifunga yenyewe bila chanzo wala mwisho.

Kasoro ya pili ni kinyume cha ya kwanza. "Aina" hufanya jambo moja lionekane mawili. Istilahi "ncha ya kaskazini" hufanya mambo mawili yaonekane moja. Butare ya Rusizi si Butare iliyokuja kuitwa Huye baada ya mageuzi ya utawala ya mwaka 2006, na msafiri asiyefafanuliwa hupotea. Vivyo hivyo, ncha ya kaskazini ya sindano ya dira ni ile inayoelekea kaskazini. Kwa kuwa majina tofauti huvutana, ncha ya sumaku ya dunia iliyoko upande wa kaskazini ni, kwa kipimo cha fizikia, ya kusini. Tena, takriban miaka 780,000 iliyopita uga wa dunia ulikuwa umegeuka. Sindano ya leo ingeelekea kusini. Jina, basi, linategemea uhusiano wa sumaku na dunia.

Yuko atakayesema kwamba, ikiwa ni hivyo, tofauti yenyewe ni ya majina matupu. Hapana. Mwaka 1957 Chien-Shiung Wu na wenzake walitangaza matokeo ya jaribio lao la kobalti-60: viini vya atomi vikipangwa kwa uga wa sumaku, elektroni hutoka upande mmoja zaidi kuliko mwingine. Maumbile yenyewe, kwa hiyo, huzitofautisha pande hizo mbili bila kuuliza mapatano yetu. Ncha za sumaku zinatofautika, lakini hazitenganiki. Fasili nzuri sharti ibebe sehemu zote mbili za kauli hiyo.

Kiswahili kina uwezo huo. "Kaskazini" na "kusini" yametokana na pepo za kaskazi na kusi pamoja na kiambishi cha mahali -ni: ni pande zinakotoka pepo, wala si dutu. Maana ya uhusiano imo katika neno lenyewe. Kosa ni kuifunika kwa "aina".

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, kanuni isomeke: sumaku mbili zikikabiliana kwa pande za jina moja husukumana, zikikabiliana kwa pande za majina tofauti huvutana. Pili, ya sumaku iitwe "ncha elekea-kaskazini", na "Ncha ya Kaskazini" iachiwe dunia. Tatu, kila fasili itamke kuwa ncha haipatikani pweke.

Wakati wa kurekebisha ni sasa. Nchini Tanzania sayansi ya shule nyingi za msingi hufundishwa kwa Kiswahili, kisha sekondari huhamia Kiingereza. Dhana iliyopandwa kwa Kiswahili ndiyo msingi wa yote yafuatayo. Rwanda iliridhia Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017, na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ina wajibu wa kuratibu maendeleo ya lugha hii katika kanda. Istilahi yenye dosari ikishasanifiwa, huvuka mipaka yote kwa muhuri wa usahihi, na kuing'oa huwa kazi ya kizazi kizima.