Kikombe, Maziwa na Pampu

Kisa cha Helen Keller na pampu ya maji kimesimuliwa hadi kikageuka muujiza. Kisome kwa jicho la mwalimu, utaona mtu anatafuta chanzo cha kosa.

Mwalimu Anne Sullivan, mwenye miaka 20, alifika Tuscumbia, Alabama, Machi 1887 kumfundisha Helen. Helen alikuwa anakaribia miaka saba. Maradhi yalimnyang'anya kuona na kusikia akiwa na miezi 19. Sullivan akawa anamwandikia herufi kwa vidole kiganjani. Mtoto aliziiga upesi, ila maneno mawili yalimpiga chenga: kikombe na maziwa. Akitaja lolote kati ya hayo, anaigiza kunywa.

Hapo wengi wetu tungemkaririsha mpaka achoke. Sullivan alilichunguza kosa lenyewe. Tahajia Helen aliijua. Tatizo ni kwamba kikombe, maziwa na kunywa vilimjia pamoja siku zote, sasa angejuaje jina lipi ni la kipi? Asubuhi ya tarehe 5 Aprili, akinawa, Helen akauliza jina la maji. Sullivan akaona upenyo. Akampeleka kwenye pampu, akamshikisha kikombe chini ya mdomo wa pampu, akaanza kupampu. Kikombe kipo, maziwa hayapo, wala hakuna anayekunywa. Maji baridi yanamwagikia mkono mmoja, na kwenye mkono wa pili vidole vinaandika w-a-t-e-r. Kikombe kikadondoka. Katika saa chache akapata maneno mapya kama 30.

Kwangu mimi, utamu uko katika siku zilizofuata. Badala ya kuongeza vipindi, Sullivan aliiweka ratiba kando. Alikuwa amemtazama binamu wa Helen, mtoto wa miezi 15: ukimuuliza pua iko wapi, anaigusa. Hakuna aliyemfundisha kwa kipindi. Watu walimsemesha tu. Basi naye akaanza kumsemesha Helen kiganjani kwa sentensi nzima, maana akiikamilisha kwa ishara. Ni kazi ya kutwa, mwalimu mmoja kwa mtoto mmoja, na familia yenye uwezo wa kulipa. Tusijidanganye kuwa darasa la watoto 60 litaiiga hivi hivi.

Baadaye Helen alipoandika "Helen maziwa", Sullivan aliyaleta, ajue neno ni sahihi. Kuyanywa kulisubiri mpaka wameiunda pamoja sentensi kamili.