Heko wahesabu samaki wa Elwha

Tangu 1913, samoni wa mto Elwha, jimbo la Washington, Marekani, walikuwa wakitoka baharini kwenda kuzaa na kuukuta ukuta wa bwawa kilomita 8 tu kutoka mlangoni mwa mto. Njia ya kupitia samaki haikujengwa, ingawa sheria iliitaka. Bwawa la pili likafuata mnamo 1927.

Kuta zote mbili zilibomolewa kati ya 2011 na 2014. Sifa nyingi zilikwenda kwa wenye baruti. Mimi natoa zangu kwa wanaohesabu. Watu wa kabila la Lower Elwha Klallam, ambao mto huo ni wao tangu enzi za mababu, hufanya kazi bega kwa bega na wanasayansi wa serikali. Maji yakiwa na tope, hutumia sona kumtambua samaki kwa mwangwi. Mizoga ya samoni waliokwishazaa huokotwa, kichwa kikapasuliwa, kikatolewa kijiwe cha sikioni: alama zake huonyesha kama samaki alitoka kituo cha kuzalishia vifaranga. Kazi ya uvundo hiyo, wala haina kamera.

Mwaka 2023 kabila hilo lilivua tena samoni wa Elwha, kwa kiasi kidogo. Hongereni sana.