Kichocheo, Chachu na Mshenga: Uhakiki wa Istilahi za Kutengeneza na Kufungua Epoksidi kwa Mfano wa Mawese ya Ilagala

Ikisiri

Makala hii inahakiki istilahi nne zinazotumika, au zinazoweza kutumika, kueleza kwa Kiswahili vitu vinavyosababisha epoksidi kutengenezwa na kufunguliwa: kichocheo, kimeng'enya, chachu na kufungua. Uhakiki umeongozwa na Nadharia ya Sitiari Dhanifu ya Lakoff na Johnson (1980), pamoja na vigezo vya uundaji wa istilahi vya PEGITOSCA vilivyopendekezwa na Kiingo. Mawese yanayozalishwa Ilagala yametumika kama kipimo, kwa kuwa ndani ya tunda la mchikichi kuna kemia ile ile inayojadiliwa. Hoja ya msingi ni kwamba istilahi zilizopo zinaeleza kasi ya mmenyuko na uvunjaji wa vitu, lakini hazielezi uteuzi; na upungufu huo una madhara nje ya darasa.

1.0 Utangulizi

Ilagala ipo katika Wilaya ya Uvinza, Mkoa wa Kigoma, karibu na mahali Mto Malagarasi unapoingia katika Ziwa Tanganyika. Ni nchi ya michikichi na mihogo. Kutoka katika tunda moja la mchikichi, yaani chikichi, watu wa huko hupata mafuta ya aina mbili: mawese, ambayo hutoka katika nyama ya tunda, na mafuta ya mise, ambayo hutoka katika kiini kilichomo ndani ya kokwa. Msamiati huo hauna utata. Mnunuzi anayetaka mawese hapewi mafuta ya mise, wala muuzaji hahitaji kueleza tofauti kwa maneno mengi.

Hali hubadilika pale swali linapokuwa la kemia. Kwa nini mawese ya mkamuaji mmoja huchacha mapema kuliko ya jirani yake? Mafuta hayo yanaweza kugeuzwa kuwa nini zaidi ya kitoweo na sabuni? Majibu yapo, lakini yameandikwa kwa Kiingereza. Hata kazi za Watanzania zinazohusu kemia ya mafuta ya mimea, kama zile za Mubofu (2016) kuhusu mafuta ya mbarika na maganda ya korosho, zimechapishwa kwa lugha hiyo. Kiswahili kinapoitwa kufanya kazi hiyo hiyo, neno moja hulazimika kubeba mizigo mingi. Uhakiki huu unachunguza jinsi mzigo huo unavyobebwa na mahali unapoanguka.

2.0 Epoksidi ni Nini

Ni vema kueleza kitu kabla ya kuhakiki jina lake. Epoksidi ni kampaundi yenye pete ndogo ya atomi tatu: kaboni mbili na oksijeni moja. Pembe za pete hiyo ni takriban nyuzi 60, ilhali kaboni ya namna hiyo hutulia kwenye nyuzi zipatazo 109. Pete imebanwa, na kwa sababu hiyo hufunguka kwa urahisi. Manufaa yake yamo katika mbano huo: mwanakemia huijenga pete ili baadaye aifungue mahali anapotaka na kupachika kitu kipya.

Mfano ulio rahisi kuliko yote ni ule wa gesi ya ethilini. Anayevundika mkungu wa ndizi huifahamu kazi ya gesi hiyo ingawa hajaisikia jina, kwani ndiyo inayoivisha ndizi zilizofunikwa. Mwaka 1931 Mfaransa Théodore Lefort aligundua kwamba ethilini ikipitishwa pamoja na oksijeni juu ya fedha, hupatikana epoksidi yake. Epoksidi hiyo ikifunguliwa kwa maji, hupatikana malighafi ya nyuzi za poliesta. Fedha haiingii katika zao la mwisho.

Mawese nayo yana mlango wa kuingilia katika kemia hii. Takriban asilimia 40 ya asidi zake za mafuta ni asidi ya oleiki, yenye bondi maradufu moja, na kama asilimia 10 ni asidi ya linoleiki, yenye bondi hizo mbili. Kila bondi maradufu inaweza kupokea oksijeni na kuwa epoksidi. Sehemu kubwa iliyobaki, hasa asidi ya palmitiki, haina bondi hizo. Ndiyo maana viwanda vinavyotengeneza epoksidi za mafuta kwa ajili ya kulainisha plastiki hutumia zaidi mafuta ya soya. Mawese ya Ilagala basi hayatajwi hapa kama malighafi bora. Yanatajwa kwa sababu yanapima maneno yetu vizuri.

3.0 Uhakiki wa Istilahi

3.1 Kichocheo

Kichocheo ndiyo istilahi iliyozoeleka katika kemia ya Kiswahili. Imetokana na kitenzi kuchochea, ambacho maana yake ya awali ni kusukuma kuni ili moto uwake zaidi. Sitiari iliyomo ni MMENYUKO NI MOTO. Kwa upande wa kasi, sitiari hii inafaa: kwa kawaida kinachochochewa kilikuwapo tayari, na mchochezi hukifanya kiende haraka. Kijiti cha kuchochelea nacho, kikiwa imara, hutolewa jikoni kikiwa kizima.

Kasoro zake ni tatu. Ya kwanza ni kwamba neno hili limetapakaa. Katika makala za afya, vichocheo ni homoni. Katika habari za michezo, ni dawa zilizokatazwa. Katika hotuba za uchumi, ni jambo lolote linaloleta ukuaji. Kwa vigezo vya PEGITOSCA, istilahi ya namna hiyo inafaulu katika kukubalika na uwazi, lakini inashindwa katika usahihi.

Ya pili ni kwamba haitenganishi kinachotumika na kisichotumika. Mwaka 1909 Prileschajew alionesha kuwa bondi maradufu hugeuka epoksidi ikikutana na perasidi. Perasidi hutoa oksijeni yake na kubaki asidi ya kawaida, imeliwa. Msomaji anayeongozwa na picha ya moto anaweza kuiita kichocheo, kwa kuwa bila hiyo hakuna kinachowaka. Lakini hiyo ni kuni, si kijiti.

Ya tatu ndiyo nzito zaidi. Moto hauchagui. Kazi kubwa za miaka 50 iliyopita katika uwanja huu zimekuwa kazi za kuchagua. Molekuli nyingi zina sura mbili zinazofanana kama mkono wa kuume na wa kushoto, na mwili wa binadamu huzitofautisha. Mwaka 1980 Katsuki na Sharpless walichanganya titani na kampaundi itokanayo na asidi ya tartariki, ile inayopatikana katika zabibu, wakaweza kuamua oksijeni itue upande upi wa alkoholi za aina fulani. Wakibadili mkono wa tartariki, epoksidi nayo hubadili mkono. Sharpless alipata sehemu ya Tuzo ya Nobeli ya Kemia mwaka 2001 kwa kazi ya namna hiyo. Mwaka 1990 makundi ya Jacobsen na Katsuki yalitumia manganizi kufanya uteuzi kama huo kwa molekuli zisizo na alkoholi. Mwaka 1997 kundi la Jacobsen lilitumia kobalti katika kufungua: maji huzifungua epoksidi za mkono mmoja na kuziacha za mkono wa pili. Kwa hesabu ya nadharia, nusu hufunguliwa na nusu hubaki. Kusema kwamba kobalti "imechochea" ni kweli, lakini ni kweli iliyoacha nje jambo lenyewe.

3.2 Kimeng'enya

Kimeng'enya kimetokana na kumeng'enya, yaani kusaga na kulainisha chakula. Sitiari yake ni ya tumbo: kitu kikubwa huvunjwa kuwa vidogo. Katika chikichi sitiari hii inakaa vema. Nyama ya tunda ina kimeng'enya kiitwacho lipasi. Tunda likipondeka au likikaa siku kadhaa baada ya kuvunwa, lipasi hukutana na mafuta na kuyakata, na asidi za mafuta huachwa huru. Kuchemsha chikichi mapema hukomesha kazi hiyo, kwani joto huiharibu lipasi.

Hata hivyo, vimeng'enya vingine hujenga. Mmea wa Vernonia galamensis, unaoota Ethiopia na kwingineko Afrika Mashariki, una mbegu zenye mafuta ambayo tayari yana epoksidi. Vimeng'enya vya mmea ndivyo vilivyoijenga. Lipasi yenyewe, ikiwekwa pamoja na asidi ya mafuta na peroksidi ya hidrojeni, huweza kutengeneza perasidi, ambayo nayo hutengeneza epoksidi. Kifaa kinachoharibu mawese jikoni kinaweza kuyaongezea thamani maabarani. Jina linalotaja kusaga peke yake linamzuia mwanafunzi kuuona upande wa pili.

Mfano wenye uzito zaidi ni wa sumukuvu. Mwaka 2016 watu wa Dodoma na Manyara waliugua na wengine wakafa baada ya kula nafaka yenye sumu hiyo. Neno sumukuvu ni zuri: ni fupi, la Kiswahili, na linataja chanzo. Lakini linaishia ghalani. Aflatoksini, iliyo kuu kati ya sumu hizo, inapofika katika ini hukutana na vimeng'enya vinavyoipachika oksijeni na kuifanya epoksidi. Epoksidi hiyo ndiyo inayojibana katika DNA na inayoweza kuanzisha saratani. Ini hilo hilo lina vimeng'enya vingine vinavyoiwahi epoksidi, kuifungua na kuipunguzia makali. Afya ya mlaji hutegemea kwa sehemu nani anatangulia. Mtu aliyefundishwa kuwa kimeng'enya ni kisagaji cha chakula hana neno la kumwelezea mjenzi huyu wa sumu, wala mwokozi wake.

3.3 Chachu

Katika lugha ya majukwaani, chachu imechukua nafasi ya kichocheo: husemwa chachu ya maendeleo, chachu ya mabadiliko. Sitiari hii ina faida moja ambayo kichocheo hakina, nayo ni udogo. Chachu kidogo huumua donge zima. Lakini chachu ni kitu chenye uhai, nayo huongezeka ndani ya donge. Titani na kobalti haziongezeki.

Mzizi wake nao una mambo. Chachu na kuchacha ni ndugu. Mawese yaliyochacha ni mawese ambayo asidi zake zimeachwa huru, na kazi hiyo huanzishwa kwa sehemu kubwa na lipasi. Hapa lugha ya jikoni imeikaribia kemia kuliko lugha ya jukwaani, kwa kuwa imehifadhi kwamba kazi hii inaweza kuwa hasara. Kichocheo kimepoteza tahadhari hiyo. Bwana shamba akimwambia mkamuaji kwamba ndani ya chikichi kuna kichocheo, msikilizaji ana haki ya kudhani ni kitu cha kuongezwa, maana vichocheo vyote anavyovisikia redioni ni vya ukuaji. Akiambiwa kuwa kuna kitu kinachoyachachisha mafuta tangu tunda linapopondeka, naye akiwahi kuchemsha atakiwahi, ameelewa na ana la kufanya.

3.4 Kufungua

Kitenzi hiki kinastahili kutetewa. Pingamizi lake ni la kisarufi. Kufungua kumetokana na kufunga kwa kiambishi cha kutengua, kama kuziba na kuzibua, kutega na kutegua. Kwa mantiki hiyo, kinachofunguliwa hurudi kilivyokuwa. Epoksidi hairudi: ikifunguliwa kwa maji, hupatikana kampaundi yenye alkoholi mbili, si ile bondi maradufu ya mwanzo.

Pingamizi hili ni la haki kwa kiambishi lakini si kwa matumizi. Mwanamke anapojifungua, harudi tu katika hali ya awali. Amemleta mtu ambaye hakuwapo. Kiswahili basi kina kufungua kwa kutengua na kufungua kwa kuzaa, na epoksidi inaangukia katika maana ya pili. Kuvunja pete, ambako kungeweza kupendekezwa badala yake, kunaondoa dhana ya mahali. Kitu huvunjika popote, bali hufunguliwa mahali maalumu. Na mahali ndilo swali la kemia hii: penye asidi, mgeni hupendelea kaboni iliyosongwa zaidi na majirani, penye besi, huingia kwenye kaboni iliyo wazi zaidi.

4.0 Pendekezo: Mshenga

Uhakiki huu haupendekezi kukiondoa kichocheo. Istilahi iliyozoeleka ikiondolewa huacha vitabu viwili visivyosomana. Unachopendekeza ni sitiari ya pili ya kufundishia, nayo ni mshenga. Mshenga huwakutanisha watu wawili ambao pengine wangechelewa au wasingekutana. Hachukui nafasi ya bwana harusi wala bibi harusi. Shughuli ikiisha huondoka, na anaweza kutumwa nyumba nyingine. Zaidi ya yote, hupeleka posa kwa mtu maalumu, wala hagongi kila mlango. Uteuzi, ambao moto na chachu vimeuacha, umo humo.

Sitiari hii si ngeni duniani. Neno moja la kataliski katika Kichina na Kijapani limeandikwa kwa herufi inayobeba maana ya mshenga. Tofauti ni kwamba hapa haihitaji kukopwa. Mila yenyewe ipo mwambao mzima hadi Ujiji na Kigoma. Kasoro zake zikubaliwe pia. Mshenga hulipwa, naye huongea kwa nia. Fedha na titani hazina nia. Wala hakuna mshenga anayechakaa kwa joto, ilhali vichocheo vya viwandani huchakaa.

5.0 Hitimisho

Istilahi hupimwa kwa kile inachomwezesha mtumiaji kukifikiri. Kichocheo kinamwezesha kufikiri kasi, kimeng'enya kuvunja, chachu udogo na uharibifu, kufungua mahali. Hakuna hata moja inayotosha peke yake, na tatizo la vitabu vyetu ni kuitumia moja kana kwamba inatosha. Elimu ya sekondari nchini Tanzania inapoendelea kutolewa kwa Kiingereza, mara nyingi husemwa kwamba Kiswahili hakina maneno ya kemia. Mfano wa Ilagala unaonesha jambo jingine. Maneno yapo, mengine yakiwa jikoni na mengine katika posa. Kilichopungua ni kuyapima moja moja na kusema wazi kila moja linaishia wapi. Kwa mkamuaji mwenye chikichi zilizoanza kupondeka, na kwa mlaji wa karanga zilizoota kuvu, mipaka hiyo ya maneno ni suala la mafuta yaliyo salama au yaliyochacha, na la ini lenye afya au lenye maradhi.