Argoni iliyofungwa ndani ya majivu ya Olduvai

Watalii wanaopita Karatu kwenda Bonde la Olduvai, Tanzania, hutajiwa umri wa fuvu la Zinjanthropus, jamaa wa kale wa binadamu, kana kwamba fuvu lenyewe lilipimwa. Halikupimwa. Mary Leakey alilivumbua tarehe 17 Julai 1959, na mumewe Louis akalikadiria miaka kama 600,000. Mwaka 1961 Jack Evernden na Garniss Curtis wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, wakatoa jibu lililoshtua: miaka milioni 1.75. Walichopima ni majivu ya volkano ya tabaka lililokuwa na fuvu.

Ilikuwa kazi ya gesi. Katika atomu 10,000 za potasiamu, moja hivi ni potasiamu-40, ambayo huoza ikitoa mnururisho. Nusu yake huisha kwa takriban miaka bilioni 1.25. Sehemu kubwa hugeuka kalisi, ambayo tayari imejaa miambani na haisaidii hesabu. Sehemu kama moja ya kumi huwa argoni-40, gesi isiyoungana na elementi yoyote. Mwamba ukiyeyuka, argoni hutoroka; fuwele zikishapoa, kila atomu inayozaliwa ndani yake hubaki kifungoni. Kwa hiyo hesabu huanzia siku ya mlipuko.

Adui mkubwa alikuwa hewa. Karibu asilimia 1 ya hewa tunayovuta ni argoni, na karibu yote ni argoni-40 ileile, zao la potasiamu ya miamba. Hewa kidogo tu iliyonata kwenye kuta za mtambo ingezidisha umri. Kwa hiyo mtambo hupashwa moto kwanza, fuwele zikayeyushwa ndani ya ombwe, gesi nyingine zikaondolewa, kisha kikaongezwa kiasi kinachojulikana cha argoni-38 kiwe kipimo cha kulinganishia. Halafu hutazamwa argoni-36: hewani, kila moja huandamana na argoni-40 kama 295. Ukiihesabu, unajua utoe kiasi gani. Kwangu mimi, hatua hii ndiyo iliyoipa namba ile heshima yake.

Wapinzani walijitokeza mwaka uleule wa 1961: Wolfgang Gentner na wenzake walipima basalti iliyo chini ya majivu wakapata milioni 1.3, jambo lisilowezekana ikiwa majivu ya juu ni ya kale zaidi. Lakini basalti iliyochakaa huvujisha argoni. Mwaka 1965 Robert Fleischer na wenzake walitumia njia isiyohitaji argoni kabisa, ya kuhesabu makovu yanayoachwa na atomu za urani zinapopasuka ndani ya kioo cha volkano, wakapata takriban milioni 2.

Udhaifu mmoja ulibaki: fuwele nyingi ziliyeyushwa pamoja, na chache za kale zilizozolewa na maji zingeharibu hesabu. Leza ya kuyeyusha fuwele moja moja iliuondoa, na umri sasa ni kama milioni 1.84.