Kichekesho cha Wanafunzi na Historia ya Mpanda

Kichekesho ni mchezo mfupi usioandikwa, ambao wachezaji huutunga papo hapo jukwaani. Katika Tanganyika ya wakati wa Waingereza ulistawi hasa mashuleni, na mara nyingi shabaha yake ilikuwa mshamba aingiaye mjini asijue desturi zake. Mwanafunzi aliyekwisha kuzoea viatu alimcheka asiyejua kuvivaa. Na huyo aliyechekwa huenda alikuwa mfano wa babaye mwenyewe.

Walakini sanaa hiyo ikitakiwa kusimulia historia ya mji, shabaha hiyo ya kale haifai tena, na mji wa Mpanda waonyesha sababu yake wazi. Mji huo ulikua kwa ajili ya machimbo ya madini ya risasi. Reli ya kutoka Kaliua, yenye urefu wa kilomita 210 hivi, ilifika mwaka 1950 ili kuyachukua madini hayo. Machimbo yakafungwa mwaka 1960. Basi, kama jukwaani atashushwa garini mgeni mwenye kushangaa, ni nani mwenye haki ya kumcheka? Wabende na Wakonongo ni wenyeji wa nchi hiyo, lakini mji wenyewe ulijengwa na wageni wengi. Kichekesho cha kweli kimo katika hesabu: njia ya chuma ndefu namna ile, kwa machimbo ya miaka kumi tu baada ya kufika kwake! Garimoshi lililoletwa kuchukua mawe likabaki kuchukua watu. Astahiliye kuchekwa ni aliyepanga, si aliyepanda.

Hatari kubwa zaidi imo katika habari za wakimbizi waliokimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972, wakapewa makao Katumba, na baadaye Mishamo. Kuigiza matamshi yao huleta kicheko upesi. Lakini tangu mwaka 2014 wengi miongoni mwao wamepewa vyeti vya uraia wa Tanzania. Kicheko hicho humrudisha mpakani mtu ambaye sheria imekwisha kumpokea. Mihuri, fomu, na miaka arobaini ya kungoja vina kichekesho kikali kuliko hicho, wala havimwumizi aliyekwisha kuumizwa.

Huenda ikasemwa kwamba mchezo si kitabu cha historia. Ni kweli: Ebrahim Hussein, katika tamthilia yake Kinjeketile ya mwaka 1969, alieleza kwamba Kinjeketile wake ni kiumbe cha sanaa, si yule wa historia. Lakini uhuru huo ni wa kuumba watu, si wa kugeuza sababu za mambo. Kazi ya kulazimishwa katika shamba la Mjerumani haikufichwa mle. Kichekesho nacho hakina budi kupimwa kwa kipimo hicho. Na kibuni abiria na karani kipendavyo, mradi watazamaji, wakitoka wakicheka, wajue reli ililetwa kwa nini, na ni nani waliobaki nayo. Kicheko kisichoongeza ujuzi huo ni kile kile cha zamani, kimebadilishiwa nguo tu.