Bamba la Throto na Mlima wa Newala

Dereva atokaye Masasi, penye vilima vya mawe vilivyosimama kimoja kimoja katika tambarare, akaelekea Newala iliyo ukingoni mwa uwanda wa juu wa Makonde, hana budi kuikanyaga akseleta kitambo kirefu bila kuiachia. Na iwapo gari lake ni la petroli na la miaka ya karibuni, mguu wake hauvuti tena waya uendao injini, bali hupeleka habari tu kwa kompyuta, nayo ndiyo iamuayo kiasi cha hewa kitakachopita.

Kazi yaonekana sahili: mota ndogo ya umeme hulizungusha bamba la throto, mlango wa hewa iingiayo injini, mpaka pembe iliyoamriwa. Lakini bamba hilo lina springi za kulirudisha, ambazo nguvu zake hubadilika ghafla karibu na pahali pake pa mapumziko. Tena lina msuguano, hata likipewa umeme mdogo halitikisiki, na ukizidishwa kidogo huruka kupita kiasi. Kanuni ya kawaida ya udhibiti, ipimayo tofauti baina ya pembe iliyotakiwa na iliyopatikana, ikiachwa peke yake hulifanya bamba lipapatike, na fundi akasikia sailensa, yaani mzunguko wa injini gari likiwa limesimama, ikipanda na kushuka. Kwa sababu hiyo wahandisi huikadiria mapema nguvu ya springi na ya msuguano, wakatanguliza umeme wa kuzishinda, ili kanuni ile ibaki kusahihisha mabaki tu. Ndipo bamba huiwahi pembe yake kwa muda upatao sehemu ya kumi ya sekunde.

Hata hivyo, kwa rai yangu, hekima kubwa zaidi imo katika tahadhari. Kama kadhi, kompyuta hutaka mashahidi wawili: sensa mbili katika akseleta na mbili katika bamba. Wakihitilafiana, hupunguza nguvu ya injini, au huukata umeme wa mota, na springi hulirudisha bamba, si mpaka lifunge kabisa, bali mpaka uwazi mdogo utoshao gari kujikokota hadi pahali pa salama. Toyota iliposhutumiwa Marekani kwamba magari yake huenda mbio yenyewe, wahandisi wa NASA waliichunguza mitambo hiyo, na ripoti iliyotolewa 2011 haikuona hitilafu ya umeme yenye kulifungua bamba kwa kiasi cha hatari. Yaliyothibitika ni mazulia yaliyoinasa akseleta, na akseleta zilizonata.

Basi nawasihi mafundi wa Masasi na Newala: mnaposafisha bamba lililoshika masizi, zimeni swichi kwanza wala msilisukume kwa bisibisi, na sensa moja ikifa, ibadilisheni, msiziunganishe nyaya zake na za mwenzake ili tu taa ya injini izimike.