Kinachokosekana si kikapu

Wenzangu wananicheka nikisema gofu ya visahani inafaa Kasenga. "Hiyo ni muchezo ya Bazungu, vikapu na minyororo tutatoa wapi?" Mimi naona wamekosea mahali.

Mchezo wenyewe ni mwepesi: unarusha kisahani kuelekea kikapu, unakifuata pale kilipoanguka, unarusha tena. Mwenye mirusho michache ndiye mshindi. Mwaka 1975, Ed Headrick alipoweka kiwanja cha kwanza cha kudumu kule Oak Grove, California, watu walilenga nguzo tu. Kikapu cha minyororo kilikuja baadaye. Sasa nguzo, sisi hatuna?

Tena hauombi uwanja wa kusawazishwa kama mupira. Miti na miteremko ndiyo utamu wake, na Uvira yetu imebanwa kati ya milima na Tanganyika.

Lakini nisiusifu bure. Kisahani ni kigumu na kinaenda mbio. Kikimpata mama anayepita na beseni kichwani, huo si mchezo tena. Sheria ni kungoja njia iwe wazi. Kwetu njia inakuwa wazi saa ngapi?

Basi ugumu ni udongo, si vifaa. Niko naona kila nafasi ya wazi inageuka parseli, batoto wanacheza barabarani katikati ya pikipiki. Kabla ya kuomba vikapu kwa wafadhili, tudai kwanza kiwanja kimoja cha wote, kisichouzwa. Hapo mwembe mmoja utatosha kuanza.